Ndo, Ndo, Ndo: Historia ya Tone la Nyama ya Kuoka

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Maji yanayochuruzika hujaza mtungi mtu akiwa bado amesimama. Yanayodondoka humlazimu aketi asubiri. Michuzi yetu mingi ni ya chururu: tui linakamuliwa, maji yanamiminwa, nyanya zinarojeka, na sufuria imejaa. Lakini uko mchuzi mmoja usio na njia ya mkato. Nyama huwekwa penye moto mkali bila hata kikombe cha maji, na mchuzi wote utakaopatikana lazima utoke ndani yake. Linadondoka tone la uto, likifuatwa na tone la maji ya nyama, kisha la uto tena, mpaka chini pakawa na kidimbwi cha kahawia kilichozungukwa na ukoko. Kidimbwi hicho na ukoko huo, vikikutanishwa na unga kidogo na maji ya moto, ndiyo grevi. Mwingereza akiikosa Jumapili, huitazama nyama yake kama sisi tunavyoutazama wali mkavu.

Aliyezoea pilau na mchuzi wa papa anaweza kuidharau: unga, mafuta, maji, chumvi, basi. Hata hivyo, kitu hicho kidogo kimegombaniwa kwa karne nyingi. Tone likishadondoka, ni la nani? La bwana aliyenunua ng'ombe, la mpishi anayeungua mbele ya moto, la maskini anayebisha mlango wa nyuma, au la mwenye kiwanda? Kila zama zilijibu kivyao, na kila jibu liligeuza ladha ya sahani.

Jina lililosomwa vibaya

Mnamo mwaka 1390 hivi, wapishi wakuu wa Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza walikusanya mapishi ya jumba lake katika andiko ambalo baadaye liliitwa The Forme of Cury. Humo mna sungura wa grevi, kuku wa grevi na chaza wa grevi. Lakini msomaji akitafuta tone la nyama ya kuoka, hatalikuta. Grevi ile ilikuwa lozi zilizotwangwa zikalainishwa kwa supu nzuri, zikatiwa sukari na tangawizi. Tangawizi yenyewe ilikuwa imesafiri kutoka Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi na mikono ya wafanyabiashara wengi, na hadi inafika London bei yake ilikuwa ya kifalme. Mtu wa Pwani angeonja mchuzi ule akadhani amealikwa harusini.

Na jina je? Wanaisimu wengi wanaamini lilizaliwa kwa kosa la kusoma. Vitabu vya mapishi vya Kifaransa vilikuwa na neno grané, lenye asili moja na neno la punje au nafaka. Katika mwandiko wa siku hizo, herufi n na herufi u zilikuwa vijiti viwili vilevile vilivyosimama kandokando, na u ndiyo iliyokuwa pia v. Mnakili mmoja akaona n akasoma u, na grané ikavuka bahari ikiwa grave. Mchuzi ukapata jina ambalo mwenyewe hakulikusudia.

Miaka mia mbili baadaye jina lilikuwa limeshahama chungu. Kufikia miaka ya 1590, grevi kwa Mwingereza wa kawaida ilikuwa ni majimaji yenye mafuta yanayotoka kwenye nyama ikipikwa. Ushahidi umo katika sehemu ya pili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Mfalme Henry wa Nne. Jaji anamkemea mzee Falstaff, mnene na mlafi, kwamba mvi zake zingepaswa kumpa uzito wa heshima. Falstaff analipindua neno hilo la heshima, ambalo kwa Kiingereza linakaribiana sana na grevi, analigeuza kuwa mchuzi. Mzaha huo haungeeleweka kama watazamaji wasingeijua vizuri picha ya nyama nono inayotokwa na jasho mbele ya moto.

Mbele ya moto, si juu yake

Hapa yafaa tusimame, kwa sababu sisi tuliozoea kubanika nyama juu ya makaa tunaweza kuikosea picha hiyo. Mwingereza wa zamani hakuitundika nyama juu ya moto. Aliiweka mbele yake. Kuni ziliwaka kwenye meko makubwa ukutani, na paja la ng'ombe au kondoo likachomwa ufito mrefu wa chuma uliolazwa juu ya vishikizo viwili, hatua moja au mbili kutoka kwenye ndimi za moto. Ufito ulizungushwa bila kukoma, upande mmoja ukipigwa na joto huku mwingine ukipumua.

Mpangilio huo ndio ulioiwezesha grevi kuwapo. Nyama ikiwa juu ya makaa, tone huangukia motoni, likalia chwaa na kupotea na moshi. Nyama ikiwa mbele ya moto, chini yake pana nafasi. Wapishi wakaweka bati refu la kukingia, lenye kina kidogo, na kila tone likaokolewa.

Lakini tone halikupumzika humo. Mpishi alilichota kwa upawa wa mpini mrefu na kulimwagia tena nyama, ili isikauke na ngozi yake ing'ae. Likashuka tena, likachotwa tena, kwa saa tatu au nne. Karibu na mwisho nyama ilinyunyiziwa unga na kupakwa siagi, ikatoa povu la dhahabu, na sehemu ya unga huo ikaangukia batini. Kwa hiyo uto na unga vilikutana chini ya nyama kabla mpishi yeyote hajaandika kwamba vinapaswa kukutana.

Wazungushaji walikuwa wavulana. Katika majumba ya Mfalme Henry wa Nane, ambako mamia ya watu walilishwa kila siku, jiko lilikuwa kama karakana. Joto lilikuwa la kutisha kiasi kwamba wavulana walivua nguo. Kanuni za jumba la mfalme zilizotungwa Eltham mwaka 1526 zililazimika kuwaagiza wapishi wakuu wawavishe vijana wa jikoni, wasiende uchi wala kuvaa matambara machafu. Huko ukumbini waheshimiwa waliletewa nyama inayong'aa. Aliyejua bei ya mng'ao huo ni kijana aliyejikinga uso dhidi ya moto.

Mbwa wa gurudumuni

Baadaye ikaonekana kijana ni ghali: anakula, analala, anachoka, na ukimpa kisogo analamba vidole. Akatafutwa mbwa.

Habari za mbwa wa kuzungusha nyama zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1576, katika tafsiri ya kitabu cha tabibu John Caius juu ya mbwa wa Uingereza. Alikuwa mbwa mfupi mwenye mwili mrefu na miguu iliyopinda, kana kwamba ameumbwa kwa kazi hiyo. Gurudumu la mbao lilitundikwa juu ukutani, mbali kidogo na moto, mbwa akatiwa ndani. Akikimbia, gurudumu lilizunguka, na mnyororo au kamba ikauzungusha ufito. Alikimbia saa kadhaa bila kufika popote, huku harufu ya nyama ikimpanda puani. Nyumba yenye uwezo ilifuga wawili wapokezane.

Mwaka 1797 mchoraji Thomas Rowlandson alipita Wales na kuchora jiko la nyumba ya wageni huko Newcastle Emlyn. Mbwa yumo gurudumuni juu ukutani, na chini wanadamu wanaendelea na shughuli zao kama vile hayupo. Nusu karne baadaye mashine zilikuwa zimemfukuza kazi: nyingine za mizani na meno kama saa, nyingine zikizungushwa na hewa ya moto inayopanda bomba la moshi. Leo anajulikana mmoja tu aliyehifadhiwa. Jina lake Whiskey, naye amekaushwa na kuwekwa ndani ya kioo katika makumbusho ya Abergavenny, Wales.

Methali yetu husema mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto. Waingereza walikuwa na mchuzi wa mbwa kwa maana nyingine kabisa, na waliunywa kwa miaka zaidi ya mia mbili.

Unga na ugomvi wa Wafaransa

Turudi nyuma kidogo. Hadi karne ya 17 grevi ilikuwa nyepesi. Kuukazisha mchuzi ilikuwa kazi ya makombo ya mkate, viini vya mayai au lozi. Mageuzi yalitoka Ufaransa. Mwaka 1651 François Pierre de La Varenne, mpishi wa nyumba ya kikabaila, alichapa Le Cuisinier françois, na humo akaeleza namna ya kukaanga unga katika mafuta ya nguruwe kisha kuutumia kukaza michuzi. Miaka miwili tu ilipita, kitabu kikawa kimetafsiriwa kwa Kiingereza.

Ni hila ndogo yenye akili kubwa. Unga ukitupwa kwenye maji ya moto, chembe za nje za kila bonge huvimba na kushikana kabla maji hayajafika ndani, yakabaki madonge yenye unga mkavu moyoni. Ukikaangwa kwanza, kila chembe hujipaka mafuta na kutengana na jirani yake. Maji yakiingia, zote huvimba kwa nafasi. Wanga wa ngano huanza kuvimba kwenye nyuzi joto 60 hivi za Selsiasi, na mchuzi hukaza kweli unapokaribia kuchemka. La Varenne hakuwa na kipimajoto, ila alikuwa na macho na mwiko.

Wapishi wa Kifaransa walipoanza kuajiriwa kwa mishahara mikubwa katika nyumba za matajiri wa Uingereza, walikuja na desturi ya kuchemsha mapande ya nyama nzuri na nyama ya paja la nguruwe ili tu wapate mchuzi wa msingi wa kutilia vyakula vingine. Mke wa Kiingereza mwenye bajeti aliona huo ni wizi mtupu.

Sauti yake ikawa Hannah Glasse. Mwaka 1747 alichapa The Art of Cookery Made Plain and Easy, bila jina lake, akijiita bibi mmoja tu. Alisema wazi kwamba anawaandikia watumishi kwa lugha wanayoielewa, na akawapiga vijembe mabwana wanaokubali kudanganywa na mpishi mgeni. Alisimulia habari za mpishi aliyetumia ratili 6 za siagi kukaanga mayai 12, ilhali mtu yeyote ajuaye jiko angetumia nusu ratili. Kitabu chake kimejaa njia za kupata grevi kwa gharama ndogo: vipande vya nyama vikaangwe mpaka vigeuke rangi, vitiwe maji, vichemke polepole, vichujwe. Kwa kuwa nyama ya ufitoni ilikuwa inatoa tone kwa tone, na wageni walikuwa wengi, grevi ya pembeni ilihitajika kujaza bakuli.

Katika kitabu hichohicho Glasse aliweka pudini ya Yorkshire, uji wa unga, mayai na maziwa uliomiminwa kwenye bati la moto chini ya nyama inayodondoka. Miaka 10 kabla yake, kitabu kingine cha 1737 kilikuwa na pudini ya namna hiyohiyo iliyopewa jina la uto wenyewe. Katika nyumba nyingi za kaskazini ililiwa kwanza, ikielea grevi, kabla nyama haijaguswa. Tumbo likishajaa unga na mchuzi, kipande kidogo cha nyama kinatosha watoto saba. Mama aliyegawa hivyo hakuhitaji somo la uchumi.

Mwaka 1748 Msweden Pehr Kalm, mwanasayansi aliyekuwa njiani kwenda Amerika, alikaa Uingereza miezi kadhaa. Aliwasifu Waingereza kwamba hakuna anayejua kuoka paja la nyama kama wao, kisha akaongeza kwa upole kwamba ujuzi wao hauendi mbali zaidi ya hapo. Glasse mwenyewe hakutajirika. Mwaka 1754 alifilisika, baadaye akafungwa kwa deni, huku kitabu chake kikiendelea kuuzwa kwa vizazi.

Uto una mwenyewe

Nyama ikishaliwa, bati lilibaki na uto ulioganda: mweupe juu, na chini yake utando wa kahawia wenye ladha yote. Katika nyumba kubwa uto huo ulihesabiwa kuwa bahashishi ya mpishi. Aliuweka kwenye chungu na kuuuza mlango wa nyuma, na wanunuzi walikuwa maskini wa mtaani, ambao siagi waliiona kwa macho tu. Mkate uliopakwa uto na kunyunyiziwa chumvi ulikuwa chakula cha jioni cha maelfu ya watoto wa viwandani, na wazee wa kaskazini ya Uingereza hukisimulia hadi leo kwa mate.

Bila shaka bahashishi hiyo ilizaa fitina. Kila tone lililotoka kwenye nyama lilipunguza chakula cha bwana na kuongeza kipato cha mpishi. Mpishi akiacha moto uwe mkali kupita kiasi, nyama hunywea na chungu chake hujaa. Vitabu vya utunzaji wa nyumba vya karne ya 19 vilimshauri bibi wa nyumba aongeze mshahara na kuifuta haki hiyo. Ndo ndo ndo ileile, mmoja aliisikia kama hasara na mwingine kama mshahara.

Chuma chaufunga moto

Mwaka 1780 Thomas Robinson alipata hataza ya jiko la chuma lenye oveni pembeni ya moto. Mwaka 1802 George Bodley wa Exeter akaleta jiko lililofunikwa bamba la chuma juu, ambalo sufuria ziliweza kukaa bila kuguswa na moshi. Katikati yao alikuwa Benjamin Thompson, Mmarekani aliyepewa cheo cha Count Rumford, ambaye aliandika kwa uchungu juu ya joto linalopotelea bombani katika meko ya wazi, akabuni oveni ya kuokea nyama ndani.

Wenye msimamo wa zamani walikataa katakata. Nyama ya ndani ya sanduku, walisema, haikuokwa mbele ya moto, imepikwa kama mkate. Kwa lugha walikuwa na haki. Lakini makaa ya mawe yalikuwa na bei, nyumba za mijini zilikuwa ndogo, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya meko yenye upana wa mkokoteni. Oveni ikashinda.

Ushindi huo uliibadilisha grevi kuliko kitabu chochote. Zamani bati lilikaa chini, pembeni ya joto, na matone yalibaki laini. Sasa bati limeingia ndani ya moto pamoja na nyama. Maji ya nyama yakidondoka yanakauka, yanashika chuma, yanageuka rangi ya asali, kisha ya kahawa. Uto unaelea juu, ukoko unashika chini. Grevi tunayoijua leo, inayoanza kwa kukwangua bati, ni mtoto wa oveni.

Wanakemia wanaingia jikoni

Mjerumani Justus von Liebig, mwanakemia mashuhuri, alifundisha mwaka 1847 kwamba nyama ikipigwa na joto kali kwanza hufunga vinyweleo vyake na kuhifadhi maji ndani. Wapishi walimwamini kwa karne nzima. Lakini mtu aliyesimama kando ya oveni angeweza kumjibu kwa masikio tu: kama imefunga, mbona inadondoka? Majaribio ya kupima uzito yalikuja kuthibitisha kwamba nyama iliyochomwa kwanza haipotezi maji machache kuliko nyingine.

Jawabu sahihi juu ya ladha lilianza Ufaransa. Mwaka 1912 Louis-Camille Maillard alipasha moto sukari pamoja na asidi amino, akaona mchanganyiko unageuka kahawia na kutoa harufu. Hakuwa akifikiria nyama; alikuwa anachunguza miili ya viumbe. Ni mwaka 1953 ambapo John Hodge, mwanakemia Mmarekani mweusi katika maabara ya serikali huko Peoria, Illinois, alipanga hatua za mabadiliko hayo moja baada ya nyingine. Ukoko wa bati, ngozi ya mkate, kahawa iliyokaangwa, vyote ni ndugu wa familia hiyo. Ukoko unahitaji ukavu na joto linalozidi lile la maji yanayochemka, ndiyo maana nyama iliyochemshwa hutoa supu nzuri lakini haitoi grevi.

Liebig yuleyule aliyekosea jikoni alifaulu sokoni. Kampuni iliyobeba jina lake ilianzishwa mwaka 1865 na kujenga kiwanda Fray Bentos, Uruguay, ambako ng'ombe walichinjwa kwa ajili ya ngozi na nyama yao haikuwa na soko la karibu. Nyama ilichemshwa na kukaushwa mpaka kilo 30 hivi zikabaki kilo 1 ya kitu kizito cheusi kama lami. Mwaka 1910 ujuzi huo ulifungwa katika vijipande vya Oxo, kimoja kwa peni moja. Sasa hata asiye na nyama aliweza kununua kivuli chake.

Kopo

Mwaka 1908 kampuni ya chumvi ya Cerebos ilitoa unga wa Bisto. Kazi yake ilikuwa kuitia grevi rangi, kuikoleza na kuikaza kwa mkupuo mmoja. Ulitengenezwa hasa kwa wanga wa viazi, chumvi na rangi, nyama haikuwamo. Mwanzoni haukujifanya mchuzi. Ulikuja kumsaidia mpishi ambaye bati lake lina uto lakini halina ukoko wa kutosha.

Mwaka 1919 mchoraji Will Owen aliupa unga huo nyuso: mvulana na msichana wenye nguo zilizochakaa, wamefumba macho, wanafuata mstari wa mvuke unaopita mbele ya pua zao. Tangazo hilo lilipendwa kwa miongo mingi. Walioliona wakacheka, na wachache wakajiuliza kwa nini watoto wale wako nje wakinusa badala ya kuwa ndani wakila. Ni watoto wa mlango wa nyuma, walewale wa mkate na uto.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 11 Machi 1940 nyama iliingia kwenye mgao nchini Uingereza. Haikupimwa kwa uzito, ilipimwa kwa fedha: mtu mzima alipata ya shilingi 1 na peni 10 kwa wiki. Mama aliyekuwa na kipande kidogo cha paja la kondoo alilijua kila tone lake kwa jina. Uto ulipakwa mkateni Jumatatu, ukakaangia viazi Jumanne, na kilichosalia kikatiwa maji, unga wa kopo na maji ya mboga, kikaitwa grevi. Mgao wa nyama uliisha tarehe 4 Julai 1954. Kilikuwa kimekua kizazi kizima ambacho kopo kwao lilikuwa ndilo mchuzi, na nyama ikawa msaidizi. Mwaka 1979 zilipokuja chembechembe zisizohitaji hata sufuria, ila maji ya moto tu ndani ya jagi, tone na mchuzi viliachana rasmi.

Mchuzi wa radi na mchuzi wa farasi

Grevi ilifika kwetu ikiwa imepakiwa na walowezi. Mwaka 1928, jijini Nairobi, akina mama wa kanisa la St Andrew's walichapa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa walowezi wa Kenya, na wakaona lazima watie humo maelekezo kwa Kiswahili. Sababu ilikuwa wazi. Aliyekula Jumapili hakuwa ndiye aliyesimama mbele ya jiko la kuni. Mpishi alikuwa mwanamume Mwafrika, mara nyingi kijana, aliyetakiwa kupika chakula ambacho kwao hakikuwa na jina.

Mashuhuri kuliko wote ni Kamante Gatura, Mkikuyu aliyekuja kwenye shamba la Karen Blixen, chini ya milima ya Ngong, akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akaishia kuwa mpishi wake. Blixen, mwandishi kutoka Denmaki, ameeleza katika Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937, kwamba Kamante hakujua kusoma vitabu vya mapishi, na majina ya kigeni ya michuzi hakuyajali. Kila mchuzi aliupa jina la jambo lililotokea siku aliyofundishwa: mmoja ukawa wa radi iliyopiga mti, mwingine wa farasi wa kijivu aliyekufa. Michuzi yote hiyo aliihifadhi kichwani bila kuichanganya, ingawa chakula chenyewe hakikumvutia.

Tumeshaona mnakili aliyesoma n kuwa u, na Wafaransa na Waingereza wakigombania gharama. Kamante aliipita fujo hiyo yote kwa hatua moja. Na wapishi wengine wengi wasioandikwa walirudi makwao na ujuzi huo: unga ukikaangwa kwanza haufanyi madonge, na bati chafu halioshwi kabla halijakwanguliwa.

Bati lingali moto

Tumalizie jikoni, maana historia hii inaweza kurudiwa yote kwa dakika 10. Paja limetoka oveni. Liondoe, lifunike kidogo, liache lipumue robo saa. Litatoa maji mengine, usiyamwage. Bati liinamishe, uto uelekee pembe moja, uchote na kuuweka kando mpaka vibaki vijiko viwili vikubwa. Litie juu ya moto mdogo. Nyunyiza unga vijiko viwili, ukoroge kwa mwiko wa mbao bila kuondoka, mpaka harufu ya unga mbichi iishe na rangi ifanane na ganda la karanga zilizokaangwa.

Sasa mwaga supu ya moto au maji uliyochemshia viazi, kidogo kwanza. Bati litalia. Hapo ndipo pa kukwangua, kwa sababu ukoko unaachia wenyewe, unayeyuka, na mchuzi uliokuwa wa kijivu unaingia rangi mbele ya macho yako. Endelea mpaka nusu lita hivi. Uchemke, ukaze, upake mgongo wa kijiko. Yale maji ya nyama iliyopumzika yatie sasa. Onja kabla ya chumvi, kwani ukoko una chumvi yake. Ukoko uliokuwa mweusi ti utakuwa mchungu, na hakuna sukari itakayouficha. Siku hiyo osha bati, uanze na kitunguu.

Chuja kwenye bakuli, upeleke mezani. Batini patakuwa pamebaki utando mwembamba, usiofika hata kijiko, unaong'ang'ania pembe. Haupelekwi kwa mtu. Wavulana wa Henry, mbwa wa Wales na wanunuzi wa mlango wa nyuma waliujua kwa harufu. Katika nyumba zetu, ukoko wa wali ni haki ya aliyekaa jikoni mpaka mwisho, na huu nao ni vilevile. Chukua kipande cha mkate, pangusa, ule umesimama.